Vijidudu Vinakula Nini Ndani Yetu?

Siku moja asubuhi, nilipokuwa nikifundisha wagonjwa barazani mbele ya kazi ya kupima, nilisema neno hili: vijidudu vya ugonjwa vinaingia mwilini kwa sababu vinatafuta chakula. Hapo mzee mmoja akainua mkono. Bibi yake alikuwa amelala katika nyumba ya wagonjwa wa kifua kikuu. Akauliza, "Mwalimu, kama ni hivyo, je, hatufanyi kosa kumpa mgonjwa chakula? Mbona tusimfunge njaa kidogo, kusudi vijidudu vife?"

Watu wakacheka. Mimi sikucheka, kwa kuwa ni ulizo la mtu anayetumia akili, na tena nilitambua kwamba mzee huyu hakuuliza tu. Alikuwa amekwisha kuanza kufanya hivyo.

Siku ileile akafika mama mmoja kijana na mtoto wake wa miezi kumi, mwenye homa kali. Viganja vya mtoto vilikuwa vyeupe. Mkononi mama alishika chupa ya dawa nyekundu aliyoinunua sokoni. Muuzaji alimwambia, "Hii ni dawa ya kuongeza damu, mpe vijiko vitatu kila siku." Alikuwa amempa siku nne, wala hakumpeleka mtoto kupimwa, kwa sababu aliona anamtunza vizuri.

Mzee alitaka kumnyima mgonjwa chakula kusudi kijidudu kife njaa. Mama alitaka kumpa mtoto chuma kusudi damu irudi, naye hakujua kwamba vijidudu vinakingoja chuma hicho. Wote wawili walifanya hivyo kwa upendo. Nataka kuwajibu wote wawili hapa, maana makosa haya mawili tunayaona mara nyingi, na kwa mawazo yangu yanatuletea vifo ambavyo hatuvihesabu.

KIJIDUDU HAKINA MENO

Vijidudu ninavyosema hapa ni vile vinavyoitwa bakteria. Watu wengi wanaviita mikrobi. Bila mikroskopi hatuvioni. Havina kinywa wala tumbo. Kila kimoja ni kama kifuko kidogo chenye ngozi, na chakula kinapita katika ngozi hiyo kikiwa kimeyeyuka. Vinahitaji vitu kama vile tunavyohitaji sisi: sukari, mafuta, vitu vya kujenga mwili, na vitu vya udongo vya namna nyingi. Kikipata vyote, na pahali pana joto, kijidudu kinajigawa kuwa viwili. Kile cha matumboni kinachoitwa E. coli, kikishiba vizuri, kinaweza kujigawa kila dakika 20. Hesabu mwenyewe: kimoja kinakuwa vinane kwa saa moja, kinakuwa 64 kwa saa mbili, na baada ya saa saba vinapita milioni mbili.

Basi, mbona hatufi siku ileile tunapojikata na jembe? Sababu ni nyingi. Kuna askari wa mwili katika damu, kuna ngozi, kuna mate na machozi. Lakini kuna sababu moja ambayo watu wengi hawajaisikia, nayo ndiyo nataka kuieleza kwa urefu: ndani ya mwili ghala ya chuma imefungwa.

Usishangae kusikia kwamba tuna chuma. Mtu mzima ana kiasi cha gramu tatu au nne, sawasawa na uzito wa msumari mdogo. Sehemu kubwa imo katika damu nyekundu, nayo inasaidia kubeba hewa tunayovuta. Sehemu nyingine imewekwa akiba katika ini na ndani ya mifupa. Chuma kingine kidogo kinasafiri katika maji ya damu, lakini hakisafiri peke yake. Kinashikwa na mbebaji wake, anayeitwa transferini, kama vile mtumishi mwaminifu anavyoshika feza za bwana wake katikati ya soko. Chuma kisicho na mwangalizi, karibu hakipatikani kabisa katika damu yetu.

Na bakteria karibu zote zinazotuua haziwezi kuzaana bila chuma.

Jambo hili lilianza kujulikana kwa njia ya yai la kuku. Katika mwaka 1944, huko Marekani, Arthur Schade na Leona Caroline walikuwa wakichunguza vijidudu, pamoja na vile vya kuhara damu. Waliona kwamba vijidudu vikitiwa katika ute mweupe wa yai havizaani. Wakajaribu kuongeza vitu mbalimbali, kimoja kimoja. Walipoongeza chuma, vijidudu vikaanza kuzaana tena. Ute wa yai haukuwa na sumu ya kuviua, bali ulikuwa umekishika chuma chote, navyo vikakaa na njaa. Mwaka 1946 wawili hao walionyesha kwamba maji ya damu ya mtu nayo yana kitu cha kukishika chuma namna hiyo. Kila mama anayefuga kuku anajua kwamba yai linakaa siku nyingi katika joto chini ya kuku bila kuoza. Ganda lake lina matundu madogo madogo, vijidudu vinaweza kupita. Lakini kabla ya kufika kwenye kiini vinakutana na ute ule, na kwenye ute hakuna kitu cha kula.

Maziwa ya mama yana mlinzi wa namna hiyohiyo. Anaitwa laktoferini, na katika yale maziwa ya kwanza ya rangi ya manjano yuko kwa wingi zaidi. Kwa hiyo wanapokuja wamama wazee na kukamua maziwa yale chini, wakisema ni machafu, ninahuzunika sana. Wanamwaga mlinzi wa ghala mbele mtoto hajaamka siku ya pili.

WEZI NA NDOANA ZAO

Lakini vijidudu vya ugonjwa vimejifunza wizi. Tusidhani kwamba ni vipumbavu kwa sababu ni vidogo.

Vingine vinatoa nje kitu kidogo sana kilicho kama ndoana. Ndoana hii inaelea katika maji ya mwili, inakinyang'anya chuma mbebaji, kisha inarudi kwa kijidudu, nacho kinaivuta ndani. Kile cha E. coli kina ndoana yenye nguvu ya ajabu. Kijidudu cha kifua kikuu kina yake. Kijidudu cha majipu na vidonda kina njia nyingine tena: kinapasua chembe nyekundu za damu, kisha kinachukua chuma kilichomo. Na kile cha meningiti kinafanya ujasiri kupita vyote. Hakitumi ndoana. Kinamkamata mbebaji mwenyewe, yule transferini wa mtu, kinamwondolea mzigo, kinamwachilia aende mikono mitupu.

Mwili nao haulali. Askari wetu wanatoa kitu cha kuzikamata zile ndoana za E. coli mbele hazijarudi kwa mwenyewe. Kumbe, kijidudu cha salmonela kikaivika ndoana yake kama nguo ya sukari, kusudi mlinzi asiitambue! Niliposoma habari hiyo mara ya kwanza niliweka kitabu chini, nikakaa kimya kidogo. Vita hivi vinapigwa ndani ya kila mtoto anayelala pale katika nyumba ya watoto, na sisi tunaona homa tu.

Sasa sikiliza vizuri sehemu hii, kwa kuwa wamama wengi wanaihitaji. Mtu akishikwa na ugonjwa wa vijidudu, ini lake linatuma ujumbe katika damu. Ujumbe huo unaitwa hepsidini, nao ulijulikana yapata mwaka 2000. Unasema: fungeni milango. Matumbo yanaacha kupokea chuma kingi kutoka kwenye chakula. Akiba ya ini haitoki. Kwa muda wa saa chache chuma katika maji ya damu kinapungua. Ugonjwa ukiendelea majuma na miezi, kama kifua kikuu, mgonjwa anakuwa mweupe kwa sababu damu mpya haipati chuma cha kutosha. Tukimtazama tunasema, "Amekosa chuma." Mara nyingine ni kweli. Lakini mara nyingine chuma kipo, mwili umekifunga wenyewe, na ufunguo umefichwa kwa makusudi.

Basi ukimnywesha mtu wa namna hiyo dawa ya chuma siku ya homa kali, unafikiri itakwenda wapi? Nyingi haitaingia katika damu. Itabaki matumboni. Na matumboni kuna vijidudu vingi, vyema na vibaya. Huko Kenya, wanganga waliwapa watoto wachanga unga wenye chuma ndani ya uji wao, wakapima choo chao. Katika habari waliyoandika mwaka 2015 walieleza kwamba vijidudu vibaya vya namna ya E. coli viliongezeka, na matumbo yakaonyesha alama za kuumia.

MWALIMU WA CHICAGO NA WATOTO WA PEMBA

Wasomaji wetu wa Ituri wanaijua tauni. Katika milima ya upande wa Rethy haijaisha mpaka leo, na mtu mwenye uvimbe mtokini na homa kali asilale nyumbani hata usiku mmoja, kwa maana dawa inaponya ikipatikana mapema. Kijidudu cha tauni, alichokiona Alexandre Yersin huko Hong Kong mwaka 1894, ni mwizi mkubwa wa chuma.

Mwaka 2009 katika mji wa Chicago, mwalimu mmoja wa chuo kikuu, mwenye miaka 60, alifanya kazi juu ya kijidudu cha tauni kilichodhoofishwa. Ndoana yake ya chuma ilikuwa imeondolewa. Wenye elimu walihesabu kwamba kijidudu kama hicho hakiwezi kumdhuru mtu mzima wa afya. Hata hivi mwalimu huyo akaugua, akapelekwa hospitalini, akafa siku ileile. Walipomchunguza walikuta tauni katika damu yake, na kitu kingine ambacho yeye mwenyewe hakukijua. Alikuwa na ugonjwa wa kurithi unaofanya mwili ujaze chuma kupita kiasi. Waliochunguza habari hiyo wanafikiri kwamba hii ndiyo sababu: kijidudu kisicho na ndoana kilikuta chuma tele ndani ya nyumba, hakikuhitaji kuiba.

Mtu mmoja si kipimo cha wote, utasema. Ni kweli. Basi twende kisiwa cha Pemba, Zanzibar, kwa ndugu zetu wanaosema Kiswahili kama sisi, ingawa wanatucheka namna tunavyokisema. Pale palikuwa na malaria nyingi wakati ule, na watoto wengi waliokosa damu. Kwa nia njema kabisa watoto zaidi ya 20,000, tangu mwezi mmoja mpaka karibu miaka mitatu, waliingizwa katika kazi ya kujaribu dawa. Wengine walipewa chuma pamoja na asidi ya foliki kila siku, wengine hawakupewa. Mwaka 2003 kazi hiyo ilisimamishwa kwa wale wa chuma mbele ya wakati wake. Habari ilipotolewa mwaka 2006, ilisema kwamba wale waliopewa chuma waliugua sana mpaka kulazwa, au kufa, kuliko wenzao, kwa asilimia 12.

Lakini usifunge kitabu hapo. Katika watoto wa Pemba kulikuwa na kundi dogo waliopimwa damu kwanza, na ambao malaria yao ilitazamwa na kutibiwa. Katika kundi hilo, wale waliokosa chuma kweli waliona faida ya dawa. Dawa ni ileile na kisiwa ni kilekile. Tofauti ni kupima.

Malaria, mnajua, hailetwi na bakteria bali na kijidudu cha namna nyingine. Lakini inawafungulia bakteria mlango. Inapasua damu nyekundu, vilivyomo vinamwagika, askari wa mwili wanachoka kwa kusafisha, ndipo salmonela inapita toka matumboni na kuingia katika damu. Sisi wauguzi wa Kongo tunaiona sana: mtoto mweupe kwa malaria, anapewa dawa ya malaria, na homa hairudi chini. Mtoto kama huyo anahitaji munganga, na mara nyingine kutiwa damu na sindano za kuua bakteria. Chupa ya sokoni haimfai.

JAMBO LANGU MWENYEWE

Naandika hivi, na sina haki ya kumhukumu mama yule kijana.

Nilipokuwa mwuguzi mpya, katika zahanati moja mbali na hapa, waliniletea mtoto wa kike wa miaka miwili mwenye bwaki. Miguu imevimba, nywele zimekuwa nyekundu na laini, hataki kucheza, hataki hata kulia. Tulimpa maziwa kidogo kidogo kama tulivyofundishwa. Siku ya tatu mama yake akaniomba, "Tazama mikono yake, haina damu. Humpi dawa ya damu?" Nilikuwa na chupa kabatini. Nilitaka mama aone kwamba ninafanya kazi. Nikampa mtoto dawa ya chuma siku ile na siku iliyofuata. Siku ya tano alipoa mwili. Sikuelewa, nilingoja homa, nikafikiri kama hakuna homa hakuna vijidudu. Mtoto wa bwaki akishambuliwa na vijidudu, mara nyingi hachemki, anakuwa baridi. Alikufa mbele ya mapambazuko.

Sisemi kwa hakika kwamba chuma ndicho kilichomwua. Watoto wa namna hiyo wanakufa kwa sababu nyingi, hata katika mikono mizuri. Lakini tangu zamani wanganga wameandika kwamba katika mtoto wa bwaki wale wabebaji wa chuma wamepungua sana, kwa kuwa mwili hauna kitu cha kuwatengenezea. Ukileta chuma siku za kwanza, nani atakishika? Kinazunguka bila mwangalizi. Kwa hiyo agizo la Shirika la Afya la Dunia ni kwamba mtoto wa namna hiyo asipewe dawa ya chuma mwanzoni. Tungoje mpaka hamu ya kula irudi na uzito uanze kupanda, kwa kawaida katika juma la pili. Na kama anakula ile siagi ya karanga ya vifuko, chuma kimo ndani yake tayari. Agizo hilo lilikuwa limeandikwa katika kitabu kilichokuwa mezani pangu. Sikukifungua.

Ndiyo sababu sasa mama akiniomba dawa ya damu nami nikamwambia "Bado," asifikiri ninamnyima.

WANAOHITAJI CHUMA

Ninaogopa kwamba mtu atasoma mpaka hapa, kisha aende nyumbani amwambie bibi yake mwenye mimba atupe vidonge. La, hasha! Mwenye mimba anatengeneza damu yake na ya mtoto. Vidonge vya chuma na foliki anavyopewa siku za kupima mimba avimeze kila siku, alale ndani ya chandarua, ameze na dawa ya kuzuia malaria anayopewa huko. Wengine waliogopa kwamba chuma kitaongeza malaria kwa wenye mimba pia. Mwaka 2015 habari ya wanawake 470 wa Kenya ilionyesha kwamba malaria haikuongezeka, tena watoto wao walizaliwa na uzito zaidi, kama gramu 150. Choo kikiwa cheusi kwa sababu ya vidonge, si ugonjwa.

Vilevile mtoto aliyepimwa, malaria yake imetibiwa, homa imekwisha, na damu yake bado ni kidogo, huyo apewe chuma kama munganga anavyoandika. Na mtu wa minyoo ya safura, ile inayonyonya damu matumboni, atibiwe minyoo kwanza ama pamoja, kwa maana ni kazi bure kujaza pipa lenye tundu. Watoto wa SS ni jambo lingine kabisa. Damu yao inapasuka sana, na wengi wametiwa damu mara nyingi, hivi chuma kinaweza kuwa kimejaa ndani yao. Wazazi wao wasinunue dawa ya damu hata kidogo bila neno la munganga.

Kwa mawazo yangu dawa ya chuma isingeuzwa sokoni karibu na sabuni na betri. Najua muuzaji anatafuta chakula cha watoto wake. Najua tena kwamba zahanati iko mbali na kupima kunaomba feza, na kwamba mara nyingine mama anafika kwetu anakuta hakuna wa kumpima. Hilo ni kosa letu wenye hospitali, na wamama wana haki kutulaumu. Lakini chupa isiyo na mtu wa kuuliza, "Je, mtoto ana homa?" ni chupa ya hatari, hata kama dawa iliyomo ni safi.

ULIZO LA MZEE

Sasa nimrudie mzee. Alisema tumfunge mgonjwa njaa.

Ni kweli kwamba kijidudu cha kifua kikuu kinakula kwetu. Kinaingia ndani ya wale askari waliotumwa kukiua, kinakaa humo miaka mingi, na kinakula mafuta ya askari mwenyewe. Lakini ulaji wake ni mdogo sana. Mgonjwa wa kifua kikuu hakondi kwa sababu vijidudu vimekula kilo kumi za nyama yake. Anakonda kwa sababu hamu ya kula imekwisha, na vita ya mwili wenyewe inateketeza akiba. Ukimnyima bugali na maharagi, kijidudu hakitajua hata kidogo. Kimo ndani ya ghala. Mafuta yote yakiisha mwilini, cha mwisho kufa njaa ni kijidudu, na wa kwanza ni bibi yako.

Askari nao wanakula, mzee. Askari asiye na chakula hapigani. Katika inchi ya India, jimbo la Jharkhand, walichukua nyumba za watu wenye kifua kikuu, wakawapa watu wa nyumba nyingine chakula zaidi cha kila mwezi: mchele na dengu, pamoja na vitamini. Nyumba nyingine hazikupewa. Mwaka 2023 walieleza kwamba katika nyumba zilizopewa, watu walioshikwa na kifua kikuu walipungua kwa asilimia 39. Chakula tu kilifanya hivyo, kwa watu waliolala karibu na mgonjwa.

Kwa hiyo hatumwui kijidudu kwa njaa. Tunakiua kwa dawa, vidonge vya miezi sita vinavyomezwa bila kukosa siku, na wakati huohuo tunamlisha mtu. Chuma cha chakula, cha ndagala na nyama kidogo na lenga-lenga na maharagi, hakitishi kama chuma cha chupa. Kinakuja kidogo kidogo, na mwili unachukua kile unachotaka. Sombe iliyopikwa pamoja na ndagala inafaa kuliko sombe peke yake. Chai isinywewe pamoja na chakula, kwa sababu inakizuia chuma njiani. (Neno hili la chai linawachukiza watu wa nyumba yangu, lakini ni kweli.)

Mtoto wa miezi kumi alikuwa na malaria. Alilala kwetu siku sita, akatiwa damu mara moja. Mama yake aliacha chupa mezani pangu, na tulipompima mtoto tena baada ya majuma matatu tukamwandikia chuma, vijiko vya kiasi chake, naye akatutazama kwa mshangao akasema, "Kumbe ni ileile!" Ndiyo, mama, karibu ileile.

Mzee alikaa kimya siku mbili. Siku ya tatu nilimkuta nyuma ya nyumba ya wagonjwa, penye mafiga, akikoroga sufuria ya maharagi na mafuta ya mawese. Aliniuliza kama ndagala zinatiwa mwanzo au mwisho. Nikamwambia mimi si mpishi, amuulize bibi yake.